Samaki wanakufa bwawani: kabla hujakimbilia dawa

Wafugaji wengi wa samaki huku kusini wakipiga simu, swali la kwanza ni moja: nitumie dawa gani? Salamu hazijaisha, mtu anataka kujua kama unga wa tetrasaiklini wa kuku unafaa, na kama ni kijiko kimoja au viwili kwa bwawa zima. Jibu langu huwa ni swali: wamekufa saa ngapi, na walitangulia wakubwa au wadogo? Hilo likijibiwa, nusu ya kazi imekwisha, na mara nyingi dawa haihitajiki kabisa.

Maelezo haya ni ya mabwawa ya sato, perege na kambale ya Mtwara na Lindi, na kidogo kwa wanaofuga mwatiko pwani. Nitapita pia kwa samoni na trauti. Hao ni samaki wa maji baridi, hatuwafugi huku na bwawa letu la nyuzi 28 lingewaua kabla ya ugonjwa wowote. Lakini mengi tunayoyajua kuhusu safari ya bakteria kutoka shamba moja hadi jingine yalijulikana kupitia wao, tena kwa hasara kubwa.

Wamekufa wengi kwa usiku mmoja

Jioni walikula vizuri, alfajiri bwawa limejaa matumbo meupe. Hapo bakteria waweke pembeni kwanza. Ugonjwa wa bakteria huua wachache, kisha huongeza. Mkupuo wa usiku mmoja karibu kila mara ni hewa au sumu.

Ni hewa kama wametangulia wakubwa, midomo iko wazi, mashavu yametanuka, na waliobaki wanahema juu ya maji au wamejazana kwenye mlango wa kuingizia maji. Bwawa lenye kijani kizito cha mimea midogo ya majini hutengeneza hewa mchana na kuila usiku, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa yake mbaya. Mawingu yakikaa siku mbili tatu mfululizo hali huwa mbaya zaidi, na kijani kikigeuka kahawia ghafla ujue mimea ile midogo imekufa na sasa inaoza. Zamisha mkono wima taratibu: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi. Acha mbolea, acha pumba, ingiza maji mapya yakiwa yanadondoka kutoka juu ili yachukue hewa.

Ni sumu kama wamekufa wakubwa kwa wadogo, na ukingoni kuna vyura na wadudu wa majini waliokufa pia. Mwangalie kambale. Yeye hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo bwawa likikosa hewa sato hufa na kambale hubaki. Ukimkuta kambale naye chali, uliza jirani alipulizia nini. Kuanzia Mei au Juni mikorosho inapoanza kuchanua, dawa zinapulizwa mikoa yote miwili. Salfa ya ubwiriunga, ukungu wa mikorosho, peke yake si tishio kubwa kwa samaki. Tishio ni dawa za kuua wadudu, zile za mbu wa mikorosho hasa, kwani nyingi huua samaki hata zikiwa kidogo mno majini. Upepo wa kusi unazipeleka mbali, na anayesafishia bomba lake mtoni anakuletea moja kwa moja. Kama maji yako yanatoka kijitoni, ulizia pia kama kuna aliyevua kwa utupa huko juu. Sumu ya utupa haichagui kati ya samaki wa mto na wa bwawa lako.

Leo watatu, kesho watano, keshokutwa tisa

Sasa tunaweza kuzungumza ugonjwa. Idadi inayopanda taratibu, samaki wanaoacha kula kabla ya kufa, wanaojitenga pembeni na kugeuka weusi kuliko wenzao: hiyo ndiyo sura ya bakteria. Chukua daftari uandike kila siku wamekufa wangapi. Mtaalamu atakuuliza hilo kabla ya jambo lolote.

*Macho yametoka, wengine wanazunguka kama wamelewa.* Mshukiwa wa kwanza ni Streptococcus, hasa aina ya agalactiae au iniae. Bakteria hawa huingia kwenye ubongo, ndiyo maana samaki anaogelea kwa kuzunguka au amejikunja. Jicho moja au yote mawili yanavimba, wakati mwingine yana ukungu mweupe au damu. Huwashika zaidi sato wakubwa wanaokaribia kuvunwa, na hupenda joto: maji yakizidi nyuzi 28 hadi 30, samaki wakiwa wamebanana, ndipo hulipuka. Huku kwetu hiyo ni kaskazi, Novemba hadi Machi. Ziwa Volta la Ghana, ambako sato hufugwa vizimbani kwa wingi, liliwahi kupata pigo la agalactiae. Ukiona dalili hii usiongeze chakula ukidhani unawatia nguvu. Punguza au simamisha kabisa, kwa sababu aliyeshiba anahitaji hewa zaidi, na mabaki yanaoza majini.

*Vidonda vyekundu, magamba yamesimama, tumbo limejaa maji.* Hapo mara nyingi ni Aeromonas hydrophila na jamaa zake. Tumbo ukilipasua linatoa maji ya njano au yenye damu, na tundu la haja limevimba na kuwa jekundu. Wafugaji wengi hawapendi kusikia hili, lakini Aeromonas wamo bwawani kwako hata leo samaki wakiwa wazima. Wanaishi kwenye maji na tope. Wanachosubiri ni samaki aliyechoka: aliyevutwa na wavu akabanduka magamba, aliyekaa kwenye maji machafu, aliyesafirishwa ndani ya dumu lenye joto. Kwa hiyo hapa swali ni nini kiliwachosha wiki iliyopita. Vidonda visipofuata siku chache baada ya kuvuta wavu au kubadili bwawa, chunguza maji.

*Doa jeupe lililokaa mgongoni kama tandiko, mapezi yameliwa, matamvua yameoza.* Huyu ni Flavobacterium columnare. Funua shavu. Matamvua mazima ni mekundu, yamepangika vizuri. Ya mgonjwa yana mabaka ya kahawia au manjano-meupe na ncha zimekatika. Anaua haraka, hasa vifaranga, na joto humsaidia. Watu humchanganya na ukungu wa kawaida wa samaki, ule unaofanana na pamba. Ukungu hutokea zaidi kipindi cha baridi, Juni hadi Agosti, nyuzi zake zinaonekana zikicheza majini, na kwa kawaida hukaa juu ya jeraha la zamani. Columnare ni bapa zaidi, inateleza, na ina kingo nyekundu.

*Vidonda virefu kama mashimo, nyama inaonekana, lakini samaki bado anaogelea.* Huenda si bakteria kabisa. Kuna ugonjwa wa vidonda unaoletwa na kiumbe wa jamii ya ukungu aitwaye Aphanomyces invadans. Uliingia bonde la Zambezi karibu mwaka 2006 na kuonekana Botswana, Namibia na Zambia. Ni ugonjwa wa kuripotiwa serikalini. Usiutibu kimyakimya, mwite bwana samaki wa wilaya.

*Wanakonda, wanakufa mmoja mmoja kwa miezi.* Wafugaji hulaumu chakula, na wakati mwingine ni kweli. Lakini mpasue. Ukikuta vinundu vidogo vyeupe kwenye bandama na figo, kama punje za mtama, fikiria Francisella, ambaye hupenda maji yakipoa chini ya nyuzi 25 hivi, au Mycobacterium, wa ukoo mmoja na kifua kikuu. Huyu wa pili hana tiba ya maana kwa samaki. Bwawa linamalizwa, linakaushwa, unaanza upya.

Kumpasua samaki

Chagua anayekaribia kufa, si aliyekufa. Aliyekaa juani saa tatu kishaoza ndani, na bakteria utakaowakuta ni wa kuoza tu. Muue kwa pigo moja kichwani, mlaze ubavu wa kulia juu ya ubao safi, anza kukata tundu la haja, panda kwa kufuata ukuta wa tumbo hadi nyuma ya shavu, kisha fungua kama mlango. Usitoboe utumbo, utachafua kila kitu.

Ini zima ni la hudhurungi, laini. Bandama ni ndogo, nyekundu iliyokoza. Ikiwa imevimba mara mbili, kuna maambukizi. Sasa toa kibofu cha hewa, mfuko ule mweupe. Nyuma yake, ukiwa umelala kwenye uti wa mgongo, kuna utepe mwekundu mweusi ambao wapishi huukwangua wakidhani ni damu iliyoganda. Hiyo ndiyo figo. Maabara nyingi huchukua sampuli hapo kwanza kwa sababu bakteria wa damu hukusanyika humo. Figo yenye madoa meupe, iliyovimba au inayomeguka kama uji si ya samaki mzima.

Samoni na trauti wana ugonjwa mzima uliopewa jina la kiungo hiki. Bakteria wake anaitwa Renibacterium salmoninarum, na figo ya mgonjwa hujaa vinundu vya kijivu-cheupe. Uliripotiwa kwanza kwa samoni wa mto Dee, Uskoti, mwaka 1930. Hauwashiki sato wetu. Nautaja kwa sababu ya njia unayopita, ambayo inafuata hapa chini.

Aliingiaje?

Hili ndilo swali ambalo watu hulitengea dakika mbili, na dawa siku nzima. Ningependa iwe kinyume.

Renibacterium huingia ndani ya yai. Si juu ya ganda, ndani. Watotoleshaji wa samoni huosha mayai kwa iodini, kwa kawaida miligramu 100 kwa lita kwa dakika kumi, na iodini inasafisha uso wa yai vizuri sana, lakini aliye ndani haguswi. Mayai yanaonekana safi, yanasafirishwa, yanaanguliwa, na ugonjwa unajitokeza miezi kadhaa baadaye kwenye shamba la mtu mwingine. Ndiyo maana kwenye vituo vya pwani ya Pasifiki ya Marekani hupima mama mmoja mmoja, na mayai ya mama mwenye bakteria wengi hutupwa.

Kisa cha pili ni cha Aeromonas salmonicida, binamu wa yule wa kwetu, anayesababisha majipu kwa samoni na trauti. Ugonjwa ulielezwa Ujerumani tangu 1894, haukuwa mgeni kwa wataalamu. Hata hivyo mwaka 1985 Norwe ilinunua samoni wachanga kutoka Uskoti, wakaja nao. Ndani ya miaka michache mamia ya mashamba yalikuwa yameambukizwa, na samoni wa porini waliokuwa wakipanda mitoni nao wakaugua, kwa kuwa maji ya fiyodi, ghuba zao nyembamba za bahari, hayana ukuta na samaki hutoroka. Matumizi ya antibiotiki kwenye samaki wa Norwe yalifika karibu tani 48 mwaka 1987. Kilichoyashusha si antibiotiki kali zaidi. Ni chanjo, pamoja na kuyapumzisha maeneo na kuacha kuchanganya samaki wa rika tofauti.

Turudi huku kwetu, bondeni Lukuledi. Sato wetu huatamia mayai mdomoni, kwa hiyo kifaranga anagusana na mama tangu saa ya kwanza ya uhai wake. Mama akiwa na bakteria bila kuonyesha dalili, kifaranga hana pa kukwepea. Kisha anafungwa kwenye mfuko, anapanda basi kutoka Songea, Morogoro au Dar es Salaam, anafika Masasi amechoka, na mfugaji anammwaga moja kwa moja bwawani pamoja na maji ya safari. Ukitaka njia fupi ya kuhamisha ugonjwa, hiyo hapo.

Muulize muuzaji: wazazi wana umri gani, kulikuwa na vifo mwezi uliopita, maji yanatoka wapi? Anayekasirikia maswali haya, mwache. Vifaranga wakifika, acha mfuko uelee juu ya maji ya bwawa dakika 15 hadi 20 joto lilingane, kisha wahamishe kwa wavu mdogo. Maji ya safari yamwage mbali, nchi kavu. Waweke kwenye hapa (kizimba cha chandarua) au kibwawa cha pembeni wiki mbili hadi tatu, na kibwawa hicho kiwe chini ya mengine kwa mtiririko wa maji, kamwe kisiwe juu.

Njia nyingine ziko hapohapo shambani. Mabwawa yaliyopangwa kwa mnyororo, maji ya la kwanza yakiingia la pili na la tatu, yanaugua kwa mpangilio huohuo. Wavu wa kuazima unatembea kijiji kizima na tope lake. Kenge anamburuta mzoga kutoka bwawa hadi bwawa. Kwa mafuriko huna la kufanya: baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, maeneo ya Kilwa yalijaa maji, na maji yakipanda namna hiyo samaki wa mto na wa bwawa wanakuwa wamoja. Na kuna mazoea ambayo mimi siyavumilii kabisa, ya kuwatupia kambale mizoga ya sato ili isipotee bure. Kambale ataishi, tena atanenepa, huku akirudisha bakteria majini kila siku.

Cha kufanya leo

Opoa mizoga asubuhi na jioni, fukia kwenye shimo mbali na kijito, tia chokaa juu. Simamisha chakula siku moja au mbili. Badilisha maji kidogo kidogo, na yanayotoka yasiende kwenye bwawa la pili wala mtoni moja kwa moja ukiweza kuyamwaga kwenye migomba. Hudumia mabwawa mazima kwanza, gonjwa mwisho, kila moja na ndoo yake.

Wavu uoshe tope lote, kisha uloweke kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini. Kama chupa inasema asilimia 3.5, mililita 120 kwenye ndoo ya lita 20 zinatosha, nusu saa, halafu suuza na uanike juani mpaka ukauke kabisa. Tope likibaki, klorini inaishia kwenye tope.

Kwa ugonjwa wa juu ya ngozi ulio mwanzoni, chumvi inasaidia: gramu 10 kwa lita moja ya maji, ndani ya beseni lenye hewa, dakika 10 hadi 20, ukiwa umesimama hapo unaangalia. Samaki akilala ubavu mtoe papo hapo. Kwa Streptococcus aliye kwenye ubongo, chumvi haifanyi kitu.

Baada ya kuvuna, kausha bwawa mpaka sakafu ipasuke. Tope likiwa bado na unyevu, tandaza chokaa kali, gramu 100 hadi 150 kwa mita moja ya mraba, ukiwa umefunika macho na mikono. Jaza maji, subiri siku kumi hivi kabla ya kupandikiza.

Antibiotiki

Kumwaga unga au vidonge vya rangi mbili bwawani ni kutupa pesa. Dawa inayeyuka kwenye maji mengi mno, inaua bakteria wazuri wanaosafisha amonia, na kinachobaki ni bakteria sugu. Dawa ya samaki huchanganywa kwenye chakula, na hapo pana tatizo lake: mgonjwa hali. Anayekula ni mzima, kwa hiyo unawakinga waliobaki, humponyi anayekufa. Isitoshe, inayomfaa Aeromonas inaweza isimguse Streptococcus. Bila kipimo cha maabara unabahatisha. Na ukitumia kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Waulize wakupe idadi, uiandike kwenye daftari lilelile la vifo.

Kwa vipimo, Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Mtwara, na kampasi ya FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, iko hapo Mikindani kwa ushauri wa ufugaji. Piga simu kwanza uulize wanapokea nini. Samaki wanaokaribia kufa, watatu hadi watano, wasafiri hai kwenye mfuko wenye maji na hewa, au wakiwa wamepoozwa ndani ya barafu bila kugandishwa. Asubuhi, si baada ya sala ya Ijumaa ukaja kukuta ofisi imefungwa mpaka Jumatatu.

Wenye mwatiko

Kwenye mabwawa ya maji chumvi adui mkubwa ni Vibrio. Vidonda na wekundu kwenye mapezi hufanana na vya Aeromonas, na hufuata kubanana na mchubuko wakati wa kukusanya wachanga ufukweni. Wakamate kwa wavu laini, asubuhi, na usijaze ndoo. Mengine yote niliyoyasema yanabaki.

Mikono yako

Magonjwa makuu ya samoni na trauti niliyoyataja hayamshiki binadamu. Ya kwetu baadhi yanaweza. Mwaka 1995 na 1996 huko Toronto, Kanada, watu waliotayarisha sato wabichi walipata maambukizi ya Streptococcus iniae baada ya kujichoma na miiba mikononi. Samaki aliyepikwa akaiva hana shida hiyo. Hatari iko kwenye kuparua na kupasua. Vaa glavu ukiwa na kidonda, na mwiba ukikuchoma osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mkono ukivimba na kuwa mwekundu kesho yake, nenda zahanati.

Kinundu kikijitokeza kidoleni wiki kadhaa baadaye, hakiumi sana wala hakiponi, mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Huenda ni Mycobacterium marinum. Huyu huota vizuri kwenye joto la nyuzi 30 hivi, na maabara ikimwotesha kwenye nyuzi 37 za kawaida anaweza asionekane, ukaambiwa huna kitu.